Fred Hoyle: mtu aliyeuliza kwa nini ulimwengu unatufaa kuishi

Mkaa unaowaka jikoni, dagaa wanaouzwa Mwaloni Kirumba, muhogo wa shambani na mwili wako wewe msikilizaji, vyote vina kaboni ndani yake. Bila kaboni, uhai tunaoujua usingekuwepo. Leo tunamtazama Mwingereza Fred Hoyle, aliyesaidia kufumbua kaboni inatoka wapi.

Alizaliwa tarehe 24 Juni 1915 karibu na mji mdogo wa Bingley, kaskazini mwa Uingereza. Shule ya msingi aliitoroka mara kwa mara, lakini hesabu zilimfikisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi ya rada, na vita vilipokwisha akarudi kwenye nyota.

Nyota ni kama tanuri. Ndani yake viini vyepesi vya atomu huungana kuwa vizito zaidi. Ili kaboni ipatikane, vinatakiwa viini vitatu vya heliamu. Shida ni kwamba viwili vikiungana, huachana kufumba na kufumbua, cha tatu hakijafika. Kwa hesabu hiyo, kaboni ingekuwa adimu mno.

Hoyle akafikiri kinyumenyume. Kaboni ipo tele. Basi lazima kiini cha kaboni kiwe na kiwango fulani cha nishati kinachorahisisha muungano huo. Mwaka 1953, akiwa California, Marekani, aliwaomba wataalamu wa maabara wakitafute. Mwanzoni walikuwa na mashaka. Walipopima, walikikuta karibu palepale alipotabiri.

Jambo hilo lilimkaa moyoni. Hakuwa mtu wa dini, lakini miaka ya baadaye alieleza kwamba mambo yalivyolingana, ni kama kuna akili iliyoyapanga.

Je, tushangae? Wapo wanaosema hapana. Mwaka 1973 mwanafizikia Brandon Carter alitoa hoja kwamba sisi tunaouliza tunaweza kujikuta tu mahali panaporuhusu watu kuishi. Tuchukue mawe ya Mwanza, kama Jiwe la Bismarck. Mgeni huuliza ni nani aliyeyapanga juu ya mengine yasianguke. Lakini kwa miaka mingi sana mvua imemomonyoa udongo, na mawe mengi yakaporomoka. Tunayoyapiga picha ni yale yaliyobaki yamesimama.

Hoja hiyo ni nzuri, ila ina pengo. Mawe yaliyoanguka tunayaona chini ya vilima. Ulimwengu ulioshindwa kuzaa uhai hatujauona hata mmoja. Tunaujua huu wetu tu. Tena, mwaka 1989 watafiti walipiga hesabu wakaona kiwango kile cha nishati kingeweza kusogea kidogo na nyota bado zikatengeneza kaboni ya kutosha. Maana yake kipimo hakikubana kama wengi walivyodhani.

Hoyle mwenyewe hakuwa mtu wa kufuata mkumbo. Mwaka 1949, akizungumza katika redio ya BBC, ndiye aliyeipa jina la Mlipuko Mkuu nadharia ya chanzo cha ulimwengu, ambayo yeye aliikataa hadi kufa, ingawa ushahidi ulizidi kuiunga mkono. Mwaka 1983 mwenzake wa California, William Fowler, alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi ya viini ndani ya nyota. Hoyle aliachwa, na wengi waliona hakutendewa haki. Alifariki tarehe 20 Agosti 2001, akiwa na umri wa miaka 86.

Sisi tunaona kushangaa si kosa. Mshangao ndio uliompeleka Hoyle maabara. Tofauti ni hii: utabiri wake wa kaboni ulipimwa ukathibitika, lakini wazo la akili iliyopanga hakuna aliyepata namna ya kulipima. Hapo kila mmoja wetu hujibu kwa imani yake, au hulibakiza kama swali.