Galileo na Kipimo cha Mwanguko

Tufundishapo mwanguko wa vitu, yafaa tumkumbuke Galileo Galilei, aliyezaliwa Pisa, Italia, mwaka 1564. Wanazuoni wa zama zake walishika fundisho la Aristotle kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi. Galileo alitaka kupima. Kwa kuwa mwanguko una kasi mno, aliviringisha tufe la shaba katika mfereji wa ubao ulioinamishwa, akapima muda kwa uzito wa maji yaliyochirizika. Aliona kuwa muda ukiwa maradufu, masafa huwa mara 4. Matokeo hayo yalichapishwa Leiden mwaka 1638, naye akiwa kipofu na kifungoni nyumbani kwake. Alifariki mwaka 1642. Ubao na maji tunavyo. Mbona twawakaririsha wanafunzi kanuni wawezayo kuipima wenyewe?