Dkt Hugh Trowell: Tabibu aliyejifunza kuitazama sahani ya mgonjwa

Mwanafunzi wa uuguzi anayeingia wodi ya watoto jijini Nairobi hufunzwa mapema kuubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba. Kishimo kikibaki katika miguu yote miwili, mtoto anayeonekana mnene huenda anakufa kwa njaa. Maarifa hayo hayakupatikana kwa urahisi. Miongoni mwa waliohangaika kuyatafuta ni Dkt Hugh Trowell, aliyeianza kazi yake ya Afrika humu nchini Kenya.

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904, akasomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas', London. Ni katika hospitali hiyo ambapo Florence Nightingale alianzisha chuo cha wauguzi mwaka 1860, akishikilia kwamba kumlisha mgonjwa ni sehemu ya uuguzi wenyewe wala si kazi ya mpishi peke yake.

Mwaka 1929 Trowell alifika Kenya pamoja na mkewe, Margaret, msanii ambaye baadaye aliasisi chuo cha sanaa cha Makerere. Hospitali ya Waafrika jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1901, ndiyo iliyokuja kuwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Mafunzo ya wahudumu wa afya yaliyoanza mwaka 1927 nayo ndiyo shina la Chuo cha Mafunzo ya Udaktari, KMTC. Trowell alikuwa mmoja wa waliowafunza wahudumu Waafrika katika enzi hizo.

Humo alikutana na watoto waliomshangaza. Miguu na nyuso zao zilikuwa zimevimba, nywele zimepoteza weusi wake, ngozi inabambuka, nao hawakutaka kula wala kucheza. Wengi walikuwa wameachishwa ziwa na kulishwa vyakula vya wanga pekee.

Mwaka 1933 Dkt Cicely Williams, aliyehudumu Ghana, alieleza ugonjwa kama huo, na miaka miwili baadaye akauita kwa jina la wenyeji wa Accra: kwashiorkor, maradhi ya mtoto anayeachishwa ziwa mdogo wake anapokuja. Kwa Kiswahili ni unyafuzi. Williams alishuku kwamba chakula cha watoto hao kilipungukiwa na protini. Mabingwa wengine walimpinga, wakidai kuwa hiyo ni pelagra, ugonjwa unaotokana na upungufu wa vitamini. Trowell aliwaunga mkono wapinzani hao.

Alihamia Uganda mwaka 1935 na kufanya kazi katika hospitali ya Mulago. Huko alijaribu kuwatibu watoto kwa vitamini, lakini waliendelea kufa. Ilimpasa daktari huyo kuchagua kati ya kuilinda hoja yake na kuwaokoa wagonjwa. Alikiri kwamba alikuwa amekosea. Mwaka 1954, yeye na wenzake, J.N.P. Davies na R.F.A. Dean, walichapisha kitabu kikubwa kuhusu unyafuzi.

Hakuishia hapo. Katika miaka yake ya Afrika Mashariki aliona kwamba kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo yalikuwa nadra miongoni mwa Waafrika. Alirejea Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuwa kasisi, lakini hakuyasahau aliyoyaona. Mwaka 1975, yeye na Dkt Denis Burkitt walihariri kitabu kilichohusisha maradhi hayo na vyakula vilivyokobolewa hadi kupoteza nyuzinyuzi zake. Alifariki mwaka 1989.

Yale mawili aliyoyaona yanakutana leo katika jiji lile lile alikofunza. Kutoka Kangemi na Kawangware hadi Lavington, nyumba moja yaweza kuwa na mtoto aliyekosa chakula cha kutosha na bibi mwenye kisukari. Wote wawili watamfikia muuguzi yule yule.

Elimu nayo imesonga mbele. Sasa inajulikana kwamba protini si jibu la pekee, na kwamba mtoto aliyedhoofika sana hapaswi kushibishwa kwa pupa, kwa kuwa mwili wake hauwezi kuustahimili mzigo huo. Huanza kwa maziwa maalumu yenye protini kidogo, kwa kipimo kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, huku akikingwa dhidi ya baridi. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukipungua, ndipo chakula chenye nguvu zaidi huongezwa hatua kwa hatua.

Anayemka saa tisa za usiku kukishika kikombe hicho, au kumwelekeza mama akishike, ni muuguzi. Akisinzia, dawa zilizoandikwa na daktari mchana hazitamfaa mtoto huyo. Ndiyo sababu somo la lishe halifai kuchukuliwa kama la kupitia mtihani tu. Trowell, msomi wa miaka mingi, alilielewa kikamilifu baada ya watoto wengi kufa. Mwanafunzi wa leo hulipata darasani katika muhula mmoja, na kabla ya kuuliza mgonjwa amepewa dawa gani, anaweza kuuliza amekula nini.