Vasily Grossman: Mwandishi aliyefuata jeshi hadi mlangoni kwao

ALIZALIWA Desemba 12, 1905 katika mji wa Berdichev, Ukraine, katika familia ya Kiyahudi. Alisomea kemia mjini Moscow, akafanya kazi migodini Donbass, kisha akageukia uandishi wa vitabu.

Ujerumani ilipoivamia Urusi ya Kisovieti Juni 22, 1941, Vasily Grossman alijitolea kupigana. Alikuwa mnene na mwenye miwani, jeshi likamkataa. Akaomba kwenda mstari wa mbele kama mwandishi wa Krasnaya Zvezda, gazeti la jeshi hilo.

Habari za mashambulizi makubwa huandikwa kwa mtindo mmoja: majina ya majenerali, idadi ya vifaru vilivyoteketezwa na kilomita zilizokombolewa. Sisi tuliokulia ukimbizini tunaujua mtindo huo. Redio ilitangaza mji fulani umechukuliwa, mto fulani umevukwa. Nani amebaki hai katika mji huo, haikusema.

Grossman alikwenda kuuliza. Mwaka 1942, Wajerumani walipoelekeza pigo lao kuu kwenye kiwanda cha Barrikady mjini Stalingrad, aliwahoji askari wa Siberia waliokilinda. Hakuandika mbele ya mtu anayemhoji. Alimsikiliza mpaka mwisho, na usiku ndipo akajaza daftari lake. Askari walizisoma makala zake mahandakini na kujiona wenyewe ndani yake.

Novemba 19, 1942 jeshi la Urusi lilianza mashambulizi yaliyolizingira Jeshi la Sita la Ujerumani. Hata hivyo, Januari 1943, kabla ya adui kusalimu amri, gazeti lilimwondoa Grossman. Mwandishi mwingine, Konstantin Simonov, ndiye aliyepelekwa kuripoti ushindi.

Baada ya mapigano ya Kursk, Julai 1943, jeshi lilisonga magharibi. Kwa Grossman kila kilomita ilimkaribisha nyumbani, alikobaki mama yake, Yekaterina Savelievna. Alikuwa amekusudia kumchukua aje Moscow mwaka 1941, lakini Wajerumani wakawahi kufika.

Berdichev ilikombolewa Januari 1944. Kwenye ramani ulikuwa ushindi. Grossman alipofika alielezwa kwamba mama yake aliuawa kwa risasi Septemba 1941 pamoja na maelfu ya Wayahudi wa mji huo, kwenye mashimo karibu na uwanja wa ndege. Aliyewahi kurudi kwao baada ya vita na kukuta wageni wanafungua mlango anajua mji unaweza kukombolewa ukiwa mtupu.

Hakuacha kazi. Mashambulizi ya Juni 1944 yalipolifikisha jeshi Poland, aliingia Treblinka, kambi ambayo Wajerumani waliibomoa ili kuficha mauaji. Aliwatafuta walionusurika na wanavijiji wa jirani, akawahoji. Idadi ya waliouawa aliyoitaja ilizidi ile inayokubaliwa leo na wanahistoria, kati ya 700,000 na 900,000, lakini jinsi mauaji yalivyoendeshwa aliieleza kabla ya wengi. Makala yake ilitumika katika kesi ya Nuremberg.

Mwaka 1945 aliingia Berlin na jeshi lililoshinda.

Amani haikumtendea wema. Februari 1961 maofisa wa usalama, KGB, walichukua muswada wa riwaya yake kubwa ya Stalingrad, Maisha na Majaaliwa, hata utepe wa taipureta. Alifariki kwa saratani Septemba 14, 1964, akiwa na umri wa miaka 58. Rafiki yake alikuwa ameficha nakala. Kitabu kilichapishwa Uswisi mwaka 1980 na nchini mwake mwaka 1988.

Katika karatasi zake zilikutwa barua mbili, za mwaka 1950 na 1961. Alimwandikia mama yake, akimpa habari za nyumbani kama mtu aliye hai. Riwaya ile pia aliiandika kwa ajili yake.