Ludwig Krapf, Mtumishi Aliyeiamini Ahadi

Katika Zaburi ya 68 imo ahadi ya kwamba hata nchi ya Kushi itamwelekea Mungu. Wengi huisoma wakapita. Mmoja aliyeishika maishani mwake ni Johann Ludwig Krapf, ambaye leo twasimulia habari zake.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, nchi ya Württemberg, Ujerumani, kwa wazazi Walutheri. Katika nchi ile mwalimu mkuu Bengel, aliyefariki mwaka 1752, alikuwa amezifanyia hesabu nyakati za unabii, akaona ya kuwa mambo makuu ya mwisho yatatokea mwaka 1836. Wengi walingoja. Mwaka ukaja, ukapita, wala hayakutokea. Mwaka uliofuata Krapf, aliyefundishwa katika chuo cha misioni cha Basel, alifunga safari kwenda Uhabeshi, akitumwa na chama cha misioni cha Kanisa la Kiingereza.

Huko alifukuzwa Adwa mwaka 1838, akaenda Shoa. Na mwaka 1842 mlango ule nao ukafungwa. Ndipo alipoigeukia pwani ya Waswahili. Januari 1844 alifika Unguja pamoja na mkewe Rosine. Sayyid Said akampa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake, naye akakaa Mombasa. Mwezi wa Julai homa ilimwua Rosine, na baada ya siku chache mtoto wao mchanga. Krapf mwenyewe alikuwa hoi kitandani. Hata hivyo aliwaarifu wakubwa wake kwamba kaburi lile ni alama kwao ya kuwa saa ya kuihubiri Injili katika Afrika ya Mashariki imewadia, kwa maana Kanisa husonga mbele likipita juu ya makaburi ya watu wake.

Katika mwaka huo wa msiba alianza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mwaka 1846 alikuja mwenziwe Johannes Rebmann, wakajenga Rabai. Rebmann aliiona Kilimanjaro mwaka 1848, na Krapf akauona mlima wa Kenya mwaka 1849. Lakini wataalamu kadha wa Ulaya hawakusadiki kwamba iko theluji karibu na ikweta. Krapf hakutafuta milima. Alitafuta njia ya kupanga vituo vya misioni toka Mombasa hata pwani ya magharibi, kama mnyororo.

Mwaka 1851 alisafiri na mkuu wa Wakamba, Kivoi, hata karibu na mto Tana. Wanyang'anyi wakawashambulia, Kivoi akauawa, Krapf akatangatanga peke yake nyikani. Alipofika mtoni alichota maji katika mfuko wa darubini na mitutu ya bunduki yake, apate kunywa njiani. Akarudi Rabai mzima, ila bila kituo kipya.

Tukiuliza mavuno yake, twaona machache. Wa kwanza kubatizwa katika Wanyika alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa karibu kufa. Mwaka 1853 Krapf alirudi kwao kwa udhaifu wa mwili. Mwaka 1862 alikuja tena kuwasaidia Wamethodisti kuanza kazi Ribe, asidumu. Mnyororo wake haukujengwa kama alivyouchora. Alifariki Korntal mwezi wa Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa mwaka 1882, naye hakuiona.

Je, ahadi ilimdanganya? Hasha. Ahadi haikumwambia ya kuwa yeye ndiye atakayevuna. Wanafunzi walipomwuliza Bwana habari za nyakati, hakuwapa hesabu, aliwapa kazi ya ushuhuda hata mwisho wa nchi. Bengel alikuwa mtu wa Mungu, lakini hesabu yake ilikosea. Na Krapf naye alidhani mnyororo utakwisha upesi. Ila maneno aliyoyakusanya kwa taabu yaliwasaidia wafasiri waliomfuata.

Basi, ninyi waalimu mnaofundisha darasa la watu watatu katika kijiji cha mbali, msihesabu miaka wala vichwa. Unabii umepewa Kanisa ili lipate moyo wa kwenda. Mpandaji akilala, mbegu hailali.