Patrick Manson, daktari aliyetegua kitendawili cha matende

Ukitaja jina la Patrick Manson, wengi hukumbuka malaria. Mimi namkumbuka zaidi kwa matende na mabusha, maradhi ambayo mtu huyaficha kwa aibu mpaka anashindwa kutembea.

Alizaliwa Uskochi mwaka 1844, akasomea udaktari Aberdeen, na mwaka 1866 akaenda Formosa. Mwaka 1871 alihamia Amoy, China, na huko akakutana na wanaume wenye mabusha ya kutisha. Akashika kisu. Inasemekana kwa miaka mitatu alikata uvimbe wenye uzito wa zaidi ya tani moja! Lakini kukata hakukumridhisha, alitaka kujua chanzo.

Mwaka 1877 alimlaza mtumishi wake, Hin Lo, aliyekuwa na minyoo ya filaria katika damu, akaacha mbu wamuume. Alipowapasua mbu hao chini ya darubini, aliwakuta minyoo wakikua ndani yao. Baadaye akabaini kuwa minyoo wachanga hujaa katika damu usiku. Ndiyo maana kwa miaka mingi wagonjwa waliamshwa usiku kupimwa, ingawa siku hizi kipo kipimo cha haraka kinachofanya kazi hata mchana.

Alikosea jambo moja. Alidhani mbu hufia majini na watu huambukizwa kwa kunywa maji hayo. Mwaka 1900 George Low ndiye aliyewaona minyoo mdomoni mwa mbu. Manson alifariki mwaka 1922.

Nilipopita Chisenga, upande wa Nchelenge kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, nilimfikiria tena. Katika vijiji vya Afrika, mbu wa malaria ndiye pia hueneza matende. Wavuvi wa chisense hutoka usiku na taa zao, na chandarua hakiwafuati ziwani.

Mgonjwa wa matende akipata homa ghafla, mguu ukawa mwekundu, wa moto na wenye maumivu, hajarogwa. Mara nyingi ni bakteria waliopenya kwenye nyufa za ngozi, naye awahishwe zahanati. Kila siku mguu uoshwe kwa sabuni, ukaushwe hadi katikati ya vidole, na uinuliwe anapopumzika. Busha hupasuliwa. Dawa zinazogawiwa kwa umma, kama Tanzania ilivyoanza Mafia mwaka 2000, huua minyoo wachanga, lakini hazirudishi mguu uliokwisha kuvimba.