Singasinga na Gari Lililochoka

Mwaka jana nilialikwa arusi Bungoma. Siku moja, baada ya sala ya Alasiri, nikitoka msikitini nilipita penye gereji moja kandokando ya barabara iendayo Malaba. Chini ya mwembe palikuwa na Volvo ya kale, mgongo umebinuka kama kobe, magurudumu hayapo, kuku wametaga kiti cha nyuma. Mwenyewe, mtu wa makamo, alilinunua kwa bei ya chuma chakavu, naye kila Jumapili hulishughulikia. Mkewe hamwelewi. Nami sikumwelewa, mpaka aliponitajia marehemu Joginder Singh.

Jina hilo wazee wetu wa Pwani walilijua vyema. Alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Baba yake, Battan Singh, alitoka Punjab, akafanya kazi ya gereji huko Kericho, basi mtoto alikulia katika harufu ya grisi. Alipokua alikwenda Nairobi kushika spana, kisha akaajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi yake kuzunguka barabarani akiwakwamua waliokwama. Nadhani hicho ndicho kilichokuwa chuo chake hasa. Mtu anayeyaona magari yamekufa njiani kila siku, hatimaye hujua ni nini kinachoyaua.

Mashindano ya Safari yalianza 1953, katika sherehe za kutawazwa malkia wa Uingereza. Zama hizo yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, maili zaidi ya 3,000 za vumbi na tope, wakati wa Pasaka ambapo mvua za masika huwa zimeshika. Joginder aliingia mara ya kwanza 1959. Viwanda vya ng'ambo vilileta magari mapya na mafundi wao. Yeye alikuwa na ndugu zake na mikono yake.

Ndipo tunapofika 1965. Gari alilolipata mwaka huo lilikuwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeistaafisha. Watu wengine wangeliona mzigo. Yeye hakuwa na haja ya gari lisilo na kovu, alitaka gari ambalo kila nati yake anaijua. Akatoka nalo yeye na nduguye Jaswant, nambari yao ya kwanza. Msomaji asidhani nambari hiyo ni heshima tupu. Anayetangulia hana alama za tairi za kufuata topeni. Mto uliofurika yeye ndiye wa kwanza kuuona, na punda aliyelala barabarani ni wake. Magari 85 yaliondoka Nairobi, 16 tu yakamaliza, na la mbele ya yote likawa lile kuukuu.

Uhuru wa Kenya ulikuwa haujatimiza miaka miwili. Mhindi wa nchi hii alikuwa akiulizwa kila siku yeye ni wa wapi, naye mwenyewe akijiuliza. Hakuna Mhindi aliyepata kushinda Safari akiwa dereva mkuu kabla ya hapo. Watu waliosimama njiani hawakungoja jibu la ofisi yoyote: walimwita Simba, wakampigia makofi kama mtoto wao.

Alishinda tena 1974 na 1976, pamoja na David Doig, kwa Mitsubishi Lancer, akawa wa kwanza kushinda mara tatu. Ushindi huo ni mkubwa, lakini kwangu mimi haufikii ule wa 1965. La kustaajabisha zaidi ni hili: katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013.

Yule bwana wa Bungoma alinieleza kwamba kiwanda kiliacha kuunda PV544 mwaka ule ule wa 1965, hivyo vipuri ni vya kuokotezwa huku na huku. Kabureta mbili amezipata, pistoni amechongesha. Mnunuzi wa chuma chakavu humpitia kila mwezi, na karo za watoto zinadaiwa.

Siku ya kuondoka nilimpitia kumuaga. Injini ilikohoa mara mbili, kuku wakaruka, kisha ikanyamaza. Akafuta mikono, akafungua boneti tena.