Alan Turing

Alan Mathison Turing (London, 23 Juni 1912 – Wilmslow, 7 Juni 1954) alikuwa mwanahisabati kutoka nchini Uingereza. Anahesabiwa kati ya waasisi wa sayansi ya kompyuta.

Maisha

Alisoma hisabati King's College, Cambridge, akapata shahada ya udaktari kwenye Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, mwaka 1938. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya kazi Bletchley Park, ambako alisaidia kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani yaliyoandikwa kwa mashine ya Enigma. Kazi hiyo ilifichwa kwa miaka mingi baada ya vita.

Mashine ya Turing

Mwaka 1936 alieleza mashine ya kufikirika tu. Ina utepe usio na mwisho uliogawanyika katika vyumba, na kila wakati imo katika hali moja kati ya hali zenye idadi maalumu. Husoma alama iliyo mbele yake, kisha jedwali la kanuni huamua iandike nini, isogee upande gani na iingie katika hali ipi. Alithibitisha kwamba mashine moja ya aina hiyo inaweza kuiga nyingine zote, na kwamba yako maswali ambayo hakuna mashine inayoweza kuyajibu.

Wazo la hali na kanuni za kuhama, bila ule utepe, hutumika leo katika michezo ya kompyuta. Kwa anayetunga mchezo kwa kuchora, visanduku ni hali na mishale ni matukio. Kwa mfano, mlinzi yuko katika hali ya doria. Akimwona mchezaji huingia hali ya kufukuza. Akimpoteza hurudi doria. Tukio lisilo na mshale kutoka hali aliyomo halimbadilishi.

Turing mwenyewe alitunga kanuni za kucheza sataranji pamoja na David Champernowne. Mwaka 1952 alizifuata kwa karatasi na kalamu, yeye akiwa badala ya kompyuta, akashindwa na Alick Glennie.

Hukumu na kifo

Mwaka huohuo alihukumiwa kwa sababu ya uhusiano wa kimapenzi na mwanamume, jambo lililokuwa kosa la jinai. Ili asifungwe alikubali kutiwa homoni, akaondolewa pia katika kazi za siri za serikali. Alifariki kwa sumu ya sianidi akiwa na umri wa miaka 41. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba alijiua. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, na mwaka 2013 alipewa msamaha wa kifalme.

Tuzo ya Turing, inayotolewa tangu 1966, ina jina lake.